Macho ya Fundi Hina

Wifi yangu Mwanasha ni mtu mkaidi. Nalisema hilo mwanzo kabisa kwa sababu ataomba asomewe haya, na akishasomewa atatafuta la kulalamikia, basi heri alalamikie hili ambalo ni kweli. Ni mke wa kaka yangu Alfani. Nyumba zetu hapa Msambweni zimetenganishwa na ua mmoja wa makuti ambao kila mwaka tunasema tutautengeneza, na kila mwaka unazidi kutoboka, nasi tunazidi kupitisha mabakuli kwenye matundu yake. Mimi ndiye Twaiba. Nikiambiwa nichague mtu mmoja wa kuzeeka naye kibarazani, nitamchagua Mwanasha, na bado tutagombana.

Alizaliwa Bodo, kule kwenye mikoko, akalelewa na shangazi yake aliyekuwa fundi wa hina. Yule bibi hakumruhusu aguse ngozi ya mtu mpaka kwanza achore juu ya majani ya mgomba kwa kijiti cha chelewa, uti wa jani la mnazi, maana jani la mgomba ukilikwaruza kidogo tu linaonyesha. Ukikosea, alimwambia, usifute, kufuta ni kuchafua. Litazame kosa lako, ulipe mwelekeo, uligeuze tawi. Tone la piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, likidondoka pasipotakiwa, fundi mzuri hulivuta likawa kikonyo, akakitia majani mawili matatu, na bibi harusi akaenda kwa mumewe bila kujua kwamba ua zuri kuliko yote mkononi mwake lilikuwa ajali.

Alipoolewa huku akaja na kijiti chake. Kwa muda alikaa pwani ya Diani akiwachora watalii, ambao walitaka nge, pomboo, na majina ya wachumba wao. Akanichekesha sana kwa hadithi zao. Lakini roho yake ilikuwa kwa mabibi harusi. Kutoka Ukunda mpaka Vanga, kama kuna harusi ya watu wanaojiheshimu, Mwanasha ameitwa, nami nimeitwa naye, kwa sababu mimi ndiye ninayemchekechea hina, kumkorogea piko na kumsemesha bibi harusi asichoke. Kuchora mikono na miguu ni kazi ya kutwa nzima. Bibi harusi hulazwa kwenye mkeka, mikono juu ya mito, wanawake wakakaa pembeni wakiimba na kusengenyana, na yeyote anayepita husema mashallah.

Sasa hapo pana jambo ambalo mgeni huenda asilifahamu. Fundi anapochora, mikono yake yote miwili ina kazi. Mmoja umeshika kijiti, mwingine umeshika vidole vya bibi harusi. Basi hulishwa. Anapita mama wa bibi harusi na kipande cha halua, anamtia fundi mdomoni. Anapita shangazi na kaimati zinazodondosha shira, naye anamtia. Tende, kashata, visheti, sharubati ya ukwaju kwa mrija. Huwezi kukataa. Fundi anayefunga mdomo mbele ya halua ya harusi ameivunjia harusi hiyo heshima, na mama wa bibi harusi atalikumbuka jambo hilo mpaka binti yake azae.

Mwanasha alikuwa na kisukari. Kiligunduliwa zamani, Husna binti yake alipokuwa bado anavaa sare ya shule ya msingi, baada ya miezi mingi ya kiu isiyokatika na miguu inayowaka moto. Hospitalini akapewa vidonge, akaambiwa apunguze vyakula fulani na aache sukari. Siku hiyohiyo alipofika nyumbani aliacha sukari kwenye chai. Basi ikawa makelele! Hakuna mtu katika Msambweni nzima aliyejisifu kwa chai kavu kama Mwanasha. Alikuja kwangu akachungulia kikombe changu, akatikisa kichwa, akasema, "Twaiba, utakufa na sukari yako." Halafu Alhamisi tukaenda harusini, akachora kuanzia asubuhi hadi alasiri akiwa amefungua mdomo kama kinda la ndege.

Nikamwambia, "Wifi, hiyo halua je?"

"Mie sikula," akanijibu, wala hakuwa anatania. "Nimelishwa."

Na ndivyo alivyoamini. Alichokitia mdomoni kwa mkono wake mwenyewe kilikuwa chakula, na alikuwa mwangalifu nacho. Alichotiwa na watu kilikuwa heshima, na heshima haihesabiki kuwa sukari. Kliniki wakimpima wakikuta sukari iko juu, alishangaa kwa moyo mweupe kabisa, akarudi akimlaumu Alfani kwa kumpikia wali wa nazi. Maskini kaka yangu ni mpishi katika hoteli kisiwani Chale, na nyumbani huonekana kuanzia Ijumaa hadi Jumapili tu. Hapo lawama ilimkuta bure.

Kitu kingine walichomwambia pale kliniki, kila mwaka, ni kwamba lazima apimwe macho, tena si yale ya kusoma herufi ukutani. Atiwe dawa ya matone, mboni ipanuke, nyuma ya jicho pachunguzwe. Hakwenda hata mara moja. Alisikia kwamba ukitiwa dawa hiyo huoni vizuri kutwa nzima, naye alikuwa na mabibi harusi. Isitoshe, alikuwa na kipimo chake mwenyewe. Kila asubuhi ya kazi alichovya chelewa kwenye piko, akapiga mstari mwembamba juu ya ukucha wa kidole gumba chake, halafu mwingine kandokando yake bila kugusana. Akinionyesha, mimi nilihitaji kuusogeza mkono wake mpaka puani ili niione ni miwili.

"Jicho linalofanya hivi," aliniambia, "liende hospitali kufanya nini?"

Ile mistari ilikuwa mizuri kweli.

Siku ambayo mambo yaliharibika tulikuwa Milalani. Bibi harusi alikuwa msichana mpole, mrefu, mwenye mikono ambayo fundi yeyote angeifurahia. Mwanasha alikuwa amemaliza mkono wa kulia, akawa katikati ya wa kushoto. Mara akasita, akapuliza juu ya kiganja cha yule msichana.

"Nani ameangusha uzi hapa?" akauliza.

Nikatazama. Hapakuwa na uzi. Akajaribu kuuchukua kwa ncha ya ukucha, akaukosa, akajaribu tena. Kisha akacheka kidogo, akaniambia kumbe ni tone limedondoka, haidhuru, atalivuta tawi. Akainama akaanza kulivuta. Nami nikawa namtazama akichora kikonyo kutoka mahali ambapo hapakuwa na kitu, akikifuata kitu ambacho hakikuwapo. Kila alipoinua jicho kile kitu kilisogea, naye akakiandama. Tawi likatoka kwenye ua, likapita kifundo cha mkono, likaanza kupanda kuelekea kwenye kiwiko.

"Bi Mwanasha," bibi harusi akasema taratibu, "mbona tunahama?"

Wanawake wakacheka, wakidhani ni mtindo. Mimi sikucheka. Nilimwona Mwanasha amekilaza kijiti juu ya sahani kwa uangalifu mwingi, akafumba jicho la kulia, akalifumbua, akafumba la kushoto. Halafu akaniegemea, akaninong'oneza sikioni, "Nishike mkono kama vile tunataniana. Nitoe nje."

Nje, nyuma ya jiko, akaniambia kwamba jicho la kushoto lilikuwa limeingiwa na moshi. Kwanza nyuzi, kisha moshi wenye wekundu ndani yake, na sasa hakuna kitu, ananiona kwa jicho moja tu. Hakuwa na maumivu hata kidogo. Alikuwa ameng'ang'ania leso yangu. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona Mwanasha akiogopa, hata siku ile aliyoshikwa na uchungu wa Husna, Alfani akiwa amekwama kisiwani.

Ule mkono niliumalizia mimi. Nisieleze sana. Majani niliyochora yalikuwa kama yametafunwa na mbuzi, lakini yule msichana, Mungu amzidishie, aliwaambia watu wote kwamba ndivyo siku hizi wanavyochora mjini.

Kwa siku kadhaa nyumba yake ilijaa waganga wasioalikwa. Mmoja alisema ni husuda. Mwingine alisema ni mtoto wa jicho, atiwe asali. Wa tatu akaja na chupa ya maji ya majani, akasema atie matone matatu kila jicho. Huyo nilimtoa mlangoni pamoja na chupa yake, na mpaka leo hatusalimiani vizuri. Mwanasha mwenyewe alikuwa tayari kukubali lolote ilimradi lisiwe hospitali. Ijumaa Alfani aliporudi, nilimpokea kwa maneno kabla hajavua viatu. Jumatatu hakurudi kisiwani. Tukampeleka kliniki ya macho, sisi wawili, yeye katikati kama mshtakiwa.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa msichana wa Kinango anayeitwa Jumwa, mwenye sauti ya upole na mkono usiokubali mchezo. Alimwamkia Mwanasha shikamoo, akamwinua kidevu, na kabla wifi yangu hajamaliza kueleza kuhusu mabibi harusi wake, matone yalikwishaingia. Tukangoja. Mboni zikapanuka mpaka macho yake yakawa meusi matupu. Akapigwa picha, akamulikwa na mashine, kisha Daktari Menza akatuita sote watatu na kutuonyesha picha kwenye kioo cha kompyuta.

Sijawahi kuona ndani ya jicho la mtu. Ni duara lenye rangi ya chungwa, na ndani yake mishipa imetawanyika kama mizizi. Ni pazuri, niseme kweli. Lakini palikuwa na vidoa vyekundu, na vingine vya manjano, na karibu na ukingo palikuwa na kijifungu cha vimishipa vyembamba, vimesokotana bila mpango.

Daktari akaeleza polepole. Sukari ikikaa juu miaka mingi, akasema, inachakaza mishipa midogo ya nyuma ya jicho. Mingine inavuja, mingine inaziba. Pale palipozibwa, jicho hukosa damu, basi likajiotesha mishipa mipya, nayo huwa dhaifu, hukatika kwa jambo dogo. Katika jicho la kushoto ilikuwa imekatika, damu ikamwagika ndani. Hizo ndizo nyuzi, huo ndio moshi.

"Lakini mie nilikuwa naona," Mwanasha akasema. "Mpaka siku ile nilikuwa naona unywele."

"Ndivyo ulivyo ugonjwa huu, mama. Unaharibu huku mtu anaona. Akija kukosa kuona, tumechelewa."

"Basi hili la kulia ni zima. Naona hata kifungo cha shati lako kimelegea."

Daktari akashika kifungo chake, kweli kilikuwa kimelegea. Kisha akabadilisha picha. Ile ya kwanza, iliyokuwa na kijifungu cha vimishipa, kumbe haikuwa ya jicho la kushoto. Huko damu ilikuwa imefunika kila kitu, hapakuonekana chochote. Ilikuwa ya jicho la kulia.

"Hilo ndilo ninaloliogopa," akasema.

Alitaka kulitibu kwa miale ya leza, tena wiki ileile, ili ile mishipa mipya inyauke kabla haijakatika. Hakumdanganya. Alimwambia leza haitamrudishia kilichopotea, itamlindia kilichobaki. Huenda akapungukiwa kidogo na uwezo wa kuona pembeni na gizani. Na kwa muda baada ya matibabu ataona ukungu, pengine siku, pengine wiki kadhaa. La kushoto wangelingoja damu ijikaushe, au lifanyiwe upasuaji baadaye.

"Wiki kadhaa," Mwanasha akarudia. "Basi nitakuja baada ya harusi."

Nikasikia Alfani akishusha pumzi. Harusi aliyoisema ilikuwa ya Husna, binti yao wa pekee, na ilikuwa imekaribia. Husna alikuwa mwalimu wa chekechea huko Ukunda, ameposwa na kijana mmoja mtaratibu aitwaye Luqman. Tangu akiwa mtoto, akilia kwamba naye anataka kuchorwa kama mabibi harusi, mama yake alimnyamazisha kwa ahadi moja. Wewe nitakuchora mpaka begani, kwa mkono wangu, asikuguse fundi mwingine. Ahadi hiyo sote tuliishi nayo ndani ya nyumba.

"Na likimwaga damu kabla ya harusi?" daktari akauliza.

"Mungu hatafanya hivyo."

Nilitaka kumzaba kibao, pale pale mbele ya daktari. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa naogopa, maana nilijiona nikimshika mkono kumvusha kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe mpaka siku ya kufa kwake. Yeye akasimama, akashukuru vizuri, akamwambia daktari ashone kile kifungo, tukarudi nyumbani.

Husna aliambiwa kwamba mama yake ana mafua ya macho. Alfani alikubaliana na uongo huo kwa sababu kaka yangu hajawahi kumshinda mkewe kwa maneno. Kila alasiri Mwanasha alijifungia chumbani akifanya mazoezi kwenye majani ya mgomba. Nilichungulia. Kwa jicho moja alikuwa hakadirii umbali. Kijiti kilikuwa kinagusa jani kabla hajakiandaa, au kinachora hewani akidhani kimegusa. Alikuwa anaita majina ya Mungu kwa sauti ndogo huku akijaribu tena. Majani yaliyoharibika aliyakunja akayasukuma chini ya kitanda.

Mimi nikarudi kwangu, nikampigia Husna simu, nikamweleza kila kitu. Mwanasha akisomewa hapa najua atasema nilimsaliti. Naam, na nikipata nafasi nitamsaliti tena.

Msichana alikuja jioni ile ile, akiwa bado ana chaki kwenye mkono wa baibui. "Shikamoo shangazi," akaniamkia, akapita moja kwa moja mpaka chumbani kwa mama yake, nami nikafuata, maana sina adabu ya kukaa nje wakati kama huo. Mwanasha alikuwa kwenye mkeka na jani mapajani. Akataka kulificha, akaona haina haja.

Husna akakaa mbele yake, wakagusana magoti.

"Mama, mie sitaki kuchorwa."

"Ndiyo maneno gani hayo?"

"Sitaki ua, sitaki tawi. Kesho uende ukapigwe leza."

"Bibi harusi wa mikono mitupu!" Mwanasha akapandisha sauti. "Binti wa fundi hina! Niende nikauweke wapi uso wangu? Watu watasema nimewapamba mabinti wa watu wote, wangu nimemtoa kama maiti."

"Waseme."

"Husna, nilikuahidi."

"Najua. Na ukinichora, mama, itakaa wiki mbili tatu, nitafua, nitaosha vyombo, itafutika. Jicho lako likiondoka litarudi?"

Mwanasha akakiweka kijiti chini.

"Siku ya harusi nitatolewa nje nimepambwa," Husna akasema. "Nitakutafuta wewe kati ya wanawake wote. Nataka nikikuangalia uniangalie. Unione usoni. Mikono waione hao watu wako."

Nikageuka nikatazama dirisha, kwa sababu nilikuwa nimeanza kulia na sipendi kuonekana. Mwanasha akalipapasa lile jani la mgomba, akalikunja mara moja, mara mbili, akalisukuma chini ya kitanda pamoja na mengine.

"Lakini fundi mwingine asikuguse," akasema mwishowe.

"Hatanigusa."

"Basi nipelekeni."

Nilikwenda naye mimi. Alikalishwa mbele ya mashine, kidevu juu ya kikombe chake, paji la uso kwenye ukanda, jicho likatiwa dawa ya ganzi. Jumwa alimshikilia kichwa kwa nyuma kwa mikono miwili, kwa upole, asitingishike. Mwanga wa kijani ukaanza kupiga, tap, tap, tap, nami nikiwa kwenye kiti cha pembeni nikisoma kila dua niliyofundishwa utotoni kwenye chuo cha Kurani na nyingine niliyoibuni. Alipotoka aliniambia kwamba mwanga ulikuwa unapita mpaka kwenye kisogo, kwamba daktari bado hajashona kifungo, na kwamba haoni kitu. Nikamwambia ndivyo walivyosema, ni ukungu, utaondoka. "Hata wewe umekuwa mweupe mtupu, huna pua," akasema. Nikamwambia hiyo ni nafuu kwangu. Akacheka, kisha akanishika mkono kwa nguvu sana mpaka nyumbani.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Alikuwa anatutambua kwa sauti. Alfani aliomba ruhusa kazini, akawa ndiye anayempikia. Mboga za mchicha, samaki wa kuchoma, wali kidogo tu, na kila kitu alimtajia jina kabla ya kumpa. Vidonge alimpa mwenyewe, akangoja mpaka ameze. Asubuhi Mwanasha aligeuza uso mlangoni, akauliza kama kumekucha au kuna mawingu. Hakutuuliza kama tumemdanganya, lakini nililiona swali hilo likimzunguka. Nami nilikuwa nalo. Usiku nililala nikiwaza, je, kama daktari alikosea? Je, kama tumempokonya hata lile moja?

Siku ya hina ya Husna ikafika. Wanawake wakajaa chumba mpaka barazani. Bibi harusi akalazwa kwenye mkeka mpya, mikono juu ya mito, na mikono ilikuwa mitupu. Hapo maongezi yakaanza chinichini. Mmoja aliyetoka Ukunda akasema anamjua fundi kijana, apigiwe simu, atafika mara moja kwa bodaboda. Husna akamshukuru, akasema hapana. Mama mkwe mtarajiwa akawa anatazama dari. Shangazi mmoja, kwa mazoea, akamletea Mwanasha kipande cha halua mpaka mdomoni, nami nikamshika kifundo cha mkono hewani mbele ya watu wote.

"Huyu halishwi tena," nikasema. "Anayempenda amletee maji."

Kisha Mwanasha akanyoosha mkono wake kuelekea upande nilioko.

"Twaiba, ile hina uliyowakorogea wazee iko wapi?"

Ilikuwa hina ya kawaida tu, majani yaliyosagwa na ndimu, kwa ajili ya bibi wawili waliotaka kupakwa kucha. Nikampa bakuli. Akaingiza viganja vyote viwili, akavijaza mpaka hina ikawa inadondoka. Hakutaka kijiti. Akasogea kwa magoti mpaka akamgusa binti yake.

"Kaa, mwanangu. Nipe mikono."

Husna akakaa, akampa. Mwanasha akabandika kiganja chake cha kulia juu ya kiganja cha binti yake, kisha cha kushoto, akapitisha vidole katikati ya vidole, akabana.

"Tufunge," akaniambia.

Nikachana leso ya zamani vipande viwili, nikawafunga mikono, mkono kwa mkono, ili hina isianguke. Hina haitaki haraka, mnajua. Mpaka ishike rangi lazima mtu atulie. Basi wakatulia, mama na binti, magoti yamegusana, nyuso karibu kabisa, hakuna aliyeweza kujikuna wala kunywa maji wala kufuta jasho. Wanawake wakaanza wimbo, polepole kwanza. Yule wa Ukunda naye akaimba. Mama mkwe alikuwa amekwishaacha dari, anawatazama, kitambaa machoni.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya Mwanasha, nimemkinga mgongo. Kwa hivyo uso wa Husna nilikuwa nauona mimi vizuri. Alikuwa amenyamaza kabisa, hatingishiki, hapumui kwa nguvu. Wimbo ulikuwa umejaa chumba chote. Chozi moja likamtoka, likatelemka shavuni taratibu, na mikono yake ilikuwa imefungwa.

Mwanasha akainama mbele, akaweka shavu lake juu ya shavu la binti yake, pale pale lilipokuwa chozi, akalifuta.

"Usilie," akasema.

Husna akarudi nyuma kidogo. "Umejuaje, mama? Sikutoa sauti."

"Nimekuona."